Leso Yenye Mashimo Manne



Majuma mawili yaliyopita shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuja kutuzuru Msambweni akiwa na jambo moyoni. Ana duka la vifaa vya ujenzi Ukunda, na mwaka huu ameingiliwa na wezi mara mbili. Baada ya chai aliisogeza kiti yake karibu nami, akanong'ona kwamba amekwisha kupeleka maombi ya cheti cha kumiliki bastola. Kisha akaniuliza: "Dada, nasikia marehemu mzee alikuwa nayo, na risasi zake alizijaribu papa hapa nyumbani. Alizijaribu vipi?"

Sikumjibu siku ile. Mdogo wangu alikuwa mchanga mno wakati wa tukio lenyewe na halikumbuki, na mama yetu hapendi litajwe. Nimeona niliandike hapa badala ya kumjibu yeye peke yake, kwa kuwa najua nyumba zaidi ya moja, kuanzia Diani hadi Lunga Lunga, ambamo silaha imelazwa chini ya nguo za mke, na mke mwenyewe hakuulizwa.

Wenye umri wangu hawana haja ya kukumbushwa Agosti ya mwaka 1997. Usiku wa tarehe 13 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa na bunduki zaidi ya 40 zikachukuliwa. Vijana walikuwa wamekula kiapo katika msitu wa Kaya Bombo, na kwa majuma kadhaa moto na mapanga vilitembea kutoka kivukoni kuja huku kwetu. Watu zaidi ya 100 waliuawa, na wapatao 100,000, wengi wao wenye asili ya bara, wakayahama makazi yao. Tume ya Jaji Akiwumi ilikuja baadaye ikaandika mengi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na ninachokikumbuka zaidi ni jinsi Baba alivyobadilika kulala. Alikuwa mtu wa usingizi mzito, wa kuamshwa na adhana tu. Tangu mwezi ule alilala na viatu kando ya kitanda na tochi kifuani, na paka akiruka juu ya bati yeye amekwisha kusimama.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa nazi, korosho na ufuta. Fedha za mauzo zililala nyumbani, ndani ya mkebe wa biskuti, hadi siku ya kwenda benki. Kila mtu mtaani alijua. Mwaka uliofuata ghasia zile alipeleka maombi yake, akahojiwa, akachukuliwa alama za vidole, akasubiri miezi mingi, na hatimaye akapewa cheti kwa mujibu wa Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Cheti hicho kilitaja bastola yenyewe na idadi ya risasi anazoruhusiwa kuwa nazo. Alikiweka pamoja na hati ya shamba na cheti chake cha ndoa, na nadhani alikiheshimu sawa na hivyo viwili.

Bastola ilikuwa ya rivolva, ile yenye gurudumu la matundu sita linalozunguka kila kifyatulio kinapovutwa. Risasi zake zilikuwa za aina iitwayo .38 Special, iliyobuniwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Kila moja ni ganda la shaba lenye fataki ndogo kitakoni, baruti ndani, na kichwa cha risasi chenye uzito wa gramu 10 hivi mbele. Ukiivuta, mtambo huigonga fataki, fataki huiwasha baruti, na kichwa hutoka kwa mwendo wa mita 230 hivi kwa sekunde. Haya nimeyajua ukubwani. Wakati ule nilijua tu kwamba kitu kile kilikuwa kizito kuliko kilivyoonekana. Nilijuaje? Kwa sababu nilikishika. Baba alikificha katika kasha la Mama, chini ya doti zake na kichupa cha halua ya udi, na ufunguo ulikuwa juu ya kizingiti cha mlango, mahali ambapo kila mtoto wa nyumba ile aliyeweza kupanda kiti alijua upo. Nilikishika kwa mikono miwili, nikakirudisha, na mpaka Baba alipofariki sikuthubutu kumwambia.

Hewa yetu ya pwani mnaijua. Misumari ya mlango huoza, sindano ya cherehani hushika kutu kwa wiki moja, chumvi mezani hugeuka maji. Risasi nazo si chuma cha Daudi. Baada ya miaka michache Baba aliona maganda yanaanza kuota ule ukungu wa kijani unaoota juu ya birika la shaba lisilosuguliwa. Akafanya alilodhani ni la busara: akazipangusa moja moja, akazipaka mafuta ya cherehani, akazirudisha kwenye mkebe. Kila baada ya miezi michache alizipaka tena. Mama alikuwa akisema kwamba risasi zile zinapakwa mafuta kuliko watoto.

Mwaka 2003 rafiki yake mmoja, dereva aliyefanya kazi katika hoteli za Diani kwa muda mrefu, alimletea rundo la majarida ya bunduki yaliyoachwa na wageni chumbani. Mzungu, dada zangu, akimaliza likizo huacha nyuma mafuta ya jua, viatu vya mpira na vitabu. Huyu aliacha hayo. Ndani mlikuwa na picha za wanaume wa Marekani wakizijaribu risasi nyuma ya nyumba zao: wamepanga madumu ya maji kwenye meza, au marundo ya magazeti yaliyoloweshwa, wanafyatua, kisha wanapima risasi imepenya kiasi gani na kichwa chake kimepanuka vipi.

Jambo hilo lina chanzo chake. Tarehe 11 Aprili 1986, jijini Miami, maafisa wa FBI walipambana kwa risasi na majambazi wawili. Maafisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa, ilhali mmoja wa majambazi wale alikuwa amekwisha kupigwa risasi mapema, nayo haikufika kunako moyo, akaendelea kuua. Baada ya hapo FBI wakaweka kipimo: risasi ifyatuliwe ndani ya donge la jelatini, nayo ipenye kati ya inchi 12 na 18, yaani sentimita 30 hadi 46 hivi. Chini ya hapo haitoshi, juu ya hapo itampita mhusika na kumfuata asiyehusika. Mtu wa kawaida hana donge hilo, basi hutumia maji na magazeti. Na sisi tusingelitumia hata tungelipata, maana jelatini hiyo kwa kawaida hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, na tena hutakiwa ikae katika ubaridi wa nyuzi 4. Kwa jua la Msambweni ingekuwa uji kabla ya adhuhuri.

Rafiki yake huyo alimweleza Baba pia juu ya zile risasi zenye tundu kichwani, zinazofunguka kama ua zikigusa nyama. Asili ya jina lao la zamani ni Dum Dum, kiwanda cha silaha cha Waingereza karibu na Calcutta, na mwaka 1899 mataifa yalikutana The Hague yakazipiga marufuku vitani. Wateteao risasi hizo nyumbani husema kwamba kwa kuwa zinafunguka, zinasimama mapema na hazimpiti mtu zikamdhuru jirani. Nimelifikiri neno hilo mara nyingi. Kwamba kitu kilichokatazwa askari kwa ukatili wake, raia anakitaka chumbani kwake kwa ajili ya huruma kwa jirani. Sisemi hawana hoja. Za Baba, hata hivyo, zilikuwa na kichwa cha risasi tupu, cha mviringo, ambacho hakifunguki na hakisimami upesi.

Siku ilikuwa Jumamosi, wakati wa kaskazi, baada ya sala ya adhuhuri. Baba alitaka kujua mambo mawili. La kwanza, risasi zake bado nzima? La pili, zina nguvu ya kumsimamisha mtu? Mama alipinga. Alisema hakuna shari iliyowahi kutokea nyumbani petu tangu bastola ile iingie, na kwamba shari ya kwanza itatoka ndani ya kasha lake. Baba akamjibu kwa upole, "Sasa akija mwizi, nimwambie asubiri nijaribu?" Mama akanyamaza. Lakini alipoona magazeti yanaloweshwa kwenye karai, alikuja akaketi chini, akayapekua kurasa kwa kurasa, akitoa kila ukurasa wenye jina la Mwenyezi Mungu, tangazo la tanzia ya Muislamu au salamu za Idi, ili yasipigwe risasi. Ilimchukua karibu saa nzima. Rafiki wa Baba alikuwa anaangalia saa yake. Saa ile moja, kama mtakavyoona, ilikuja kutugharimu.

Walipanga madumu manne ya lita 20 yaliyojaa maji, moja nyuma ya jingine. Kando wakaweka rundo la magazeti yaliyolowa. Nyuma yake lilikuwepo banda la kuku la zamani, la fito na udongo, lisilotumika tena. Na nyuma ya hilo, minazi, kisha shamba la muhogo, kisha kichaka. Upande ule hapakuwa na nyumba. Lazima niwe mwadilifu kwa marehemu: hakufyatua kuelekea watu. Alichagua upande, akatutia sisi watoto ndani, akatuambia tulale chini.

Nilichungulia dirishani.

Baba alijaza matundu sita, akanyoosha mkono, akavuta. Ikalia *ta*, kama kufuli linalofungwa. Hakuna mlio. Akaigeuza bastola ili aitazame, na rafiki yake akampigia kelele asiisogeze. Alikuwa amesoma katika yale majarida kwamba fataki yaweza kuchelewa, na risasi ikatoka baada ya sekunde kadhaa, basi mtu husubiri angalau nusu dakika mtutu ukiwa umeelekea pasipo na mtu. Wakasubiri. Hapakutokea kitu. Akavuta tena, gurudumu likazunguka, na safari hii mlio ukapiga, kunguru wote wa mtaa wakaruka, na mtoto wetu mdogo akaanza kulia.

Walifyatua risasi 12 siku ile, au niseme walijaribu kufyatua 12. Tano zilikataa. Mafuta yale ya cherehani aliyozipaka kwa mapenzi yalikuwa yamepenya pembezoni mwa fataki, na unyevu ukamalizia. Miaka mitano Baba alilala akiamini kwamba ana sita, naye kumbe pengine alikuwa na tatu, na hakuna aliyejua ni zipi. Nilimwona alivyozitazama zile tano kiganjani mwake. Sikuwahi kuuona uso ule hata siku ya kumzika baba yake.

Sasa zile saba zilizolia. Ya kwanza ilipita dumu la kwanza, la pili na la tatu, tukaikuta chini ya dumu la nne, imelala kama kokwa ya tende, karibu haijabadilika umbo. Rafiki yake alifurahi sana. Katika magazeti iliingia kiasi cha shibiri moja na nusu. Kisha Baba akataka kujua juu ya ukuta, maana chumba chetu cha nyuma na jiko vilikuwa vya fito na udongo, kama nyumba nyingi za huku. Akafyatua banda la kuku. Risasi iliingia ukuta wa mbele, ikatoka ukuta wa nyuma, na hatukuiona tena. Akarudia. Vivyo hivyo. Rafiki yake akasema kwa sauti ya sifa, "Ina nguvu hii!" Baba hakusema kitu. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuuona muhogo, na si kuta.

Maana fikirini, dada zangu. Kipimo kile cha wanaume wote wenye madumu ni kimoja: je, itamtosha mwizi? Maji, magazeti, jelatini, vyote vinasimama mahali pa mwili wa mwizi. Hakuna aliyepanga mezani mwili wa mama mkwe wangu aliyelala nyuma ya ukuta wa udongo. Nyumba tunayotaka kuilinda imejengwa kwa kitu ambacho risasi haikihesabu. Ukifyatua sebuleni usiku, umefyatua chumbani, na jikoni, na kwa jirani, na hukuona hata kimoja. Nyumba za matofali au za mawe ya matumbawe zina afadhali, lakini zina madirisha na milango ya mbao, na risasi ya bastola ikikosa kizuizi huweza kwenda zaidi ya kilomita moja.

Risasi ya mwisho aliifyatua kwa mnazi. Rafiki yake alitaka kujua kama mtu aliyejibanza nyuma ya mnazi angefikiwa. Baba alisita, kisha akafyatua. Tulisikia mlio, na baada ya mlio mvumo mwingine, mwembamba, kama nyuki aliyekasirika. Walikwenda kulitafuta tundu kwenye shina. Hapakuwa na tundu. Palikuwa na mchubuko ubavuni mwa mnazi, urefu wa kidole, unaotoa majimaji. Mti wa duara wenye ganda gumu haukuikubali risasi, bali uliipindisha. Rafiki wa Baba aliacha kusema. Wakakusanya maganda, wakamwaga maji, wakaingia kuswali, kwani adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha kutoka.

Jioni jirani yetu alikuja ameshika leso.

Ilikuwa doti mpya, bado haijakatwa, aliyoifua siku ile ili kuitoa ule ugumu wa dukani, akaianika kwenye kamba ikiwa imekunjwa. Akaikunjua mbele ya Mama. Mashimo manne yamejipanga, kila moja lenye upana wa ncha ya kidole. "Mwanangu," akamwambia Mama, "panya gani huyu wa kwenu atoboaye mviringo?" Alikuwa anacheka. Hakuwa na dhana yoyote. Milio aliisikia, lakini alidhani ni watu wa shamba wanafukuza nyani na nguruwe.

Mama alikaa chini. Baba alitoka chumbani, akaitazama leso, na akamuuliza jirani jambo moja tu: aliianika wapi? Kamba ile ilifungwa kutoka mwembe hadi nguzo ya bafu lake, si upande wa muhogo hata kidogo, bali kuume kwetu, hatua 60 hivi kutoka kwenye mnazi. Na chini ya kamba ile, mama zangu, ndiyo iliyopita njia ya watoto wa madrasa. Jumamosi hutoka kabla kidogo ya alasiri. Kama Mama asingekaa saa nzima akichambua magazeti, mjaribio ungekwisha mapema na njia ingekuwa tupu. Kwa kuwa alikaa, risasi ile ilipita wakati wao. Walikuwa wamechelewa kutoka siku hiyo kwa sababu ustadhi alikuwa na mgeni. Sijui nimshukuru nani kwa mpangilio huo ila Aliyeupanga, na hata leo nikifika kwenye hesabu hii husimama.

Baba angeweza kunyamaza. Jirani hakuwa anajua. Rafiki yake alimshauri anyamaze, anunue doti nyingine, aseme ni cheche za moto. Baba alimwambia jirani ukweli papo hapo, mlangoni, mbele yetu. Yule mama aliitazama leso, akazidi kuitazama, akaikunja polepole sana, akaenda nayo kwao bila kuaga. Mtoto wake wa pili alikuwa darasa moja na mdogo wangu wa kiume. Kwa siku tisa hakuja kuchota maji kisimani kwetu.

Baada ya isha Baba alikwenda kwa ustadhi. Nilikuwa nimefuatana naye kubeba taa, kwa hiyo mazungumzo niliyasikia. Aliuliza, je, si Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa anayeuawa akiitetea mali yake ana daraja ya shahidi? Ustadhi akasema ndivyo. Akauliza, je, kama mtoto angepita? Ustadhi alichukua muda. Kisha akamkumbusha hukumu ya kuua kwa makosa iliyomo katika Sura An-Nisaa: diya kwa wenye maiti, isipokuwa wakisamehe, na kafara, ambayo kwa asiyeweza kuacha huru mtumwa ni kufunga miezi miwili mfululizo. Akamwambia kuwa kukosa kusudi hakuufanyi uhai kuwa wa bure. Halafu akamtajia hadithi iliyomo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, ya kwamba apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye vyembe vyake, asije akamdhuru Muislamu. Baba alisema aliijua tangu utotoni. "Basi," ustadhi akamwambia, "wewe uliushika upande gani?"

Hakuna aliyemtoza kitu, kwani hakuna aliyedhurika. Lakini nilimwona akifunga Jumatatu na Alkhamisi kwa miezi mingi, na Mama hakumuuliza nia.

Risasi zilizobaki, na zile tano zilizokataa, alizipeleka kituo cha polisi akazikabidhi. Hili nalisisitiza kwa yeyote aliye na risasi kuukuu nyumbani, za mume, za baba au zilizookotwa shambani: haitupwi kisimani, haifukiwi, wala haitiwi motoni. Iliyokataa jana yaweza kukubali leo. Ni polisi tu. Na kuijaribu nyuma ya nyumba usithubutu. Wenye vyeti wana viwanja vya shabaha vilivyojengwa kwa tuta la udongo mrefu na msimamizi, na cheti cha kumiliki si ruhusa ya kufyatua popote upendapo.

Bastola aliendelea kuwa nayo miaka kadhaa, tupu, akiiogopa. Kilichomtoa katika hofu ile hakikuwa silaha wala ushujaa. Mwaka 2007 ilikuja M-Pesa, na kidogo kidogo wateja wake wakaanza kulipa kwa simu, mpaka mkebe wa biskuti ukabaki na chenji ya kununulia mkate. Akaweka mlango wa chuma, akaweka taa nje, akaelewana na majirani watano kwamba filimbi ikipigwa kwa mmoja wote watoke. Mwaka uliofuata aliirudisha bastola yenyewe, akarudi nyumbani, akalala alasiri yote kama mgonjwa aliyepona. Serikali ilipowataka wenye vyeti wote wahakikiwe upya, mwishoni mwa 2018, yeye alikuwa amekwisha kututangulia, na sisi hatukuwa na cha kupeleka.

Jirani naye alirudi siku ya kumi na ndoo yake. Alikataa doti mpya aliyonunuliwa, akasema hiyo ampe Mama. Ile yenye mashimo aliikata, akaipindia, akaitia viraka vinne, na wajukuu zake watatu wamebebwa mgongoni kwa leso ile.

Shemeji yangu alirudi Jumapili iliyopita kuchukua jibu. Sikumpa hotuba, maana ni mtu mzima na wezi walioingia dukani kwake ni wa kweli. Nilimpeleka nyuma ya nyumba. Mnazi bado upo, umerefuka, na mchubuko umegeuka kovu jeusi. Minazi haisahau. Alipapasa kovu lile kwa kidole gumba. Akauliza banda la kuku lilikuwa wapi, nikamwonyesha. Akauliza kamba ilikuwa wapi. Nikamwambia ahesabu hatua 60 kuelekea kuume.

Alihesabu kwa sauti. Alipofika 41 ilimbidi asimame, kwa kuwa watoto wa madrasa walikuwa wanapita, wengine kwa miguu na wengine watatu watatu juu ya pikipiki, na walimtolea salamu mmoja mmoja, naye ikambidi aitikie kila mmoja.